Kati ya Jini na Jeni: Historia ya Degedege Tuliyoitafuta Tukiwa Tunduma



Leo hatuzungumzii mishono wala hina, ingawa habari yenyewe ilianzia kwenye mshono. Sisi ni mafundi watatu, watoto wa Unguja, tunashona nguo za harusi Tunduma, mkoa wa Songwe, mpakani kabisa na Zambia. Wengi mkisikia Tunduma mnawaza malori yaliyopanga foleni kuelekea Nakonde na vijana wa kubadilisha kwacha. Kweli yapo. Lakini pana misikiti, pana madrasa, pana harusi kila baada ya Idi, na nje kidogo ya mji pana mahali panaitwa Mpemba. Tulipofika mara ya kwanza tuliulizia kwa hamu ni Mpemba gani huyo. Tukachekwa.

Siku hiyo bi harusi mmoja alikuja kupimwa mara ya pili. Mama yake akamtuma akanunue vifungo dukani, kisha akarudisha mlango. "Wanangu, ile lesi msiikate kwanza." Akatusimulia. Bwana harusi ni mtoto wa ami yake binti. Dada wa huyo bwana, yaani wifi mtarajiwa, amezika watoto wawili, wote wachanga, wote kwa degedege. Nyumbani kila mtu ana neno lake. Shangazi anasema ni jini wa ukoo. Mjomba anasema ni kifafa, na kifafa kinarithiwa. Babu anasema ni qadari ya Mwenyezi Mungu, watu waache kuchimba. "Nyinyi mna simu kubwa, mmesoma," mama akasema. "Niambieni, hii ndoa niiache iende?"

Hatukusoma kiasi hicho. Ni sekondari, kisha chuo cha ushonaji. Lakini lesi ile ilikaa mezani wiki tatu bila kuguswa, na katika wiki hizo tulitafuta, tuliuliza, tulimpigia daktari mmoja wa watoto tunayefahamiana naye, na tukaona kwamba swali la yule mama lina historia ndefu kuliko tulivyodhani.

Tuanze na jina. Degedege kwa wazee wetu ni ndege, au kipepeo wa usiku, anayepita juu ya mtoto na kivuli chake kikamwangukia. Mtoto akakakamaa, macho yakageuka, mate yakamtoka. Mwaka 1996 watafiti walichapisha waliyoyakuta Bagamoyo: mtoto wa degedege alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa kinyesi cha tembo, akaogeshwa mitishamba, na watu wengi waliamini kwamba akipigwa sindano atakufa. Wengi wa watoto wale walikuwa na malaria kali iliyopanda kichwani. Walipofika hospitali walikuwa wameshachelewa, sindano ikachomwa, mtoto akafa, na imani ikapata ushahidi wake. Tuliposoma hapo tulinyamaza. Kila mmoja wetu anayo nyumba anayoijua ambako hilo lilitokea.

Kifafa ni neno jingine, na lina aibu yake. Degedege linamsamehe mtoto, kifafa kinamfuata mpaka siku ya posa. Hapa ndipo mabibi harusi wanapoingia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, katika kifungu cha 39 iliandika kwamba ndoa inaweza kubatilishwa mahakamani ikiwa wakati wa kuoana mmoja wao alikuwa akipatwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Viliwekwa pamoja, wazimu na kifafa. Maneno hayo yalitoka Uingereza, katika sheria yao ya 1937. Waingereza wenyewe walikiondoa kifafa mwaka 1971, mwaka uleule ambao sisi tulikiandika. India nao walikuwa nacho, wakakifuta mwaka 1999. Kwa hiyo familia inayoficha ugonjwa wa binti yao haina roho mbaya tu. Inaogopa, na uoga wake una kifungu cha sheria.

Wala si kwamba dini ndiyo iliyotufundisha kuwaona hivyo. Katika Bukhari na Muslim yupo yule mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, akalalamika kwamba anaanguka na nguo zinamfunuka. Akapewa hiari, asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira, ila akaomba jambo moja, asifunuke. Akaombewa hilo. Ibn Abbas miaka mingi baadaye alimwonyesha mwanafunzi wake kama mmoja wa watu wa Peponi. Sisi kama mafundi wa nguo tunaipenda sana habari hii, kwa sababu mahitaji yake ni ya mwanamke kabisa. Alitaka sitara. Ukimkuta mtu ameanguka barabarani leo, mgeuze alale ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, na mfunike khanga.

Na karne nyingi kabla ya hospitali zetu, Ibn Sina katika kitabu chake cha tiba aliuandika ugonjwa huu, sara'u kwa Kiarabu, miongoni mwa maradhi ya ubongo.

Basi kwa nini mpaka juzi tulikuwa tunawapeleka wenye kifafa hospitali za wendawazimu? Nalo lina historia. Huko Lutindi, milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 yakawa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Wamisionari hao walikuwa na uhusiano na Bethel, Ujerumani, mji wa huruma ulioanzishwa 1867 hasa kwa ajili ya wenye kifafa. Tangu huko maradhi haya mawili yalilala nyumba moja. Kwetu Unguja ukisema "amepelekwa Kidongo Chekundu" hakuna anayeuliza ni kifafa au ni kichaa, mtaa umeshahukumu.

Sasa kutoka Tunduma tupande treni. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapa mpakani, inashuka Makambako na Mlimba mpaka Ifakara. Kusini ya Ifakara, ng'ambo ya mto Kilombero, juu milimani, iko Mahenge. Huko ndiko historia ya kifafa ya nchi hii ilikoandikwa kwa undani kuliko mahali pengine popote, na aliyeianza alikuwa mwanamke.

Louise Aall, daktari kijana kutoka Norwe, alifika Mahenge mwaka 1959. Alikuta miongoni mwa Wapogoro watu wengi wenye kifafa, wamejificha. Waliogopwa kwa sababu iliaminika mate na uchafu wa mtu aliyeanguka vinaambukiza. Kwa hiyo mtu akiangukia motoni hakuvutwa, akiangukia mtoni hakuopolewa. Walikula peke yao, walilala peke yao, na wengi walikuwa na makovu ya moto. Daktari huyo alifungua kliniki. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho nguvu yake juu ya kifafa iligunduliwa na Mjerumani Alfred Hauptmann mwaka 1912. Fikirini, dada zetu: dawa ilikuwapo tangu 1912, na mwaka 1959 Mahenge watu walikuwa bado wanaachwa waungue.

Wagonjwa waliacha kuanguka. Si wote, lakini wengi, na kijiji kikaona. Mwaka 1992 yeye na daktari Mtanzania, Rwiza, walichapisha habari za wagonjwa 164 waliofuatiliwa kwa miaka 30. Zaidi ya nusu walikuwa wameshafariki, wengi wakiwa bado vijana. Mwaka huohuo Rwiza na wenzake walitoa hesabu ya wilaya ya Ulanga: watu kama 10 katika kila 1000 walikuwa na kifafa. Ni wengi mno.

Lakini sehemu iliyotushika sisi ni nyingine. Huyo mama daktari aliona kwamba kifafa Mahenge kinakaa kwenye koo. Nyumba hii haina hata mmoja, nyumba ile ina watatu. Akachora miti ya ukoo, na mwaka 1979 akaandika juu ya urithi wa ugonjwa huo. Aliona pia watoto waliokuwa wakitikisa kichwa kama wanaosinzia, wenyeji wakisema "amesinzia kichwa", kabla dunia haijaupa ugonjwa huo jina. Ukisoma mpaka hapo utasema, basi, mjomba alikuwa sahihi, ni damu ya ukoo. Subiri. Watafiti waliokuja baadaye walifuata njia nyingine, na sasa wengi wanauhusisha ugonjwa wa Mahenge na usubi, ule ugonjwa wa minyoo inayoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Ukoo mmoja hukaa pamoja, hulima bonde moja, hung'atwa na inzi walewale. Tuliipigia mstari hii kwenye daftari letu la vipimo: ukoo hushiriki damu, lakini hushiriki pia mto.

Hapa Songwe tunayo mfano wetu. Mbozi, jirani zetu, ni sehemu iliyochunguzwa sana kwa ajili ya minyoo tegu ya nguruwe. Yai la mnyoo huo likiingia tumboni, kiluwiluwi chake kinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa. Na tusijidanganye, Waislamu wenzetu, kwamba sisi hatuli nguruwe kwa hiyo haituhusu. Nyama inampa mtu mnyoo wa tumboni. Cha ubongo kinaletwa na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo, yakaingia kwenye maji, kwenye mchicha, kwenye vidole vya anayekupikia. Ukoo mzima unaweza kuumwa kwa sababu ya kisima.

Basi ipo kweli ile ya kurithi? Ipo, na ndiyo iliyotufanya tuandike.

Mwaka 1954 madaktari wa Marekani waliandika habari ya mtoto mchanga aliyekuwa na degedege lisilokoma. Dawa za kifafa hazikumsaidia. Alipopewa mchanganyiko wa vitamini akatulia. Wakauliza ni ipi katika hizo, wakatafuta, wakakuta ni piridoksini, yaani vitamini B6. Ikiachwa, degedege linarudi. Ikirudishwa, linakoma. Mtoto hakuwa na njaa wala mama yake hakukosa chakula kizuri, mwili wake tu ulikuwa unahitaji vitamini hiyo kwa wingi kuliko watu wengine, kila siku, maisha yote. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya sababu kujulikana. Mwaka 2006 kundi la watafiti lililoongozwa kutoka London lilionyesha kwamba kasoro iko kwenye jeni inayoitwa ALDH7A1. Jeni ikiwa na kasoro, taka fulani inarundikana mwilini na kuila vitamini B6 kabla haijafanya kazi yake.

Jeni, si jini. Herufi moja tu, lakini ukifungua mlango wa jini unafika kwa mganga, ukifungua wa jeni unafika kwa daktari mwenye kichupa cha vitamini. Na dawa yenyewe si ngeni hata hapa Tunduma. Wagonjwa wa kifua kikuu wanaotumia isoniazidi hupewa vidonge vya B6 ili dawa isiharibu mishipa yao ya fahamu. Tumewahi kuviona mkononi mwa jirani.

Tueleze jeni kwa lugha yetu ya cherehani. Mwili unashonwa kwa paterni. Kila kipande kina paterni mbili, moja ya baba na moja ya mama. Moja ikichanika, fundi anatumia ya pili, nguo inatoka salama na hakuna anayejua. Ndiyo maana baba na mama wa mtoto huyu ni wazima kabisa, hawajawahi kuanguka hata siku moja. Shida inakuja mtoto akipokea zilizochanika zote mbili. Ikiwa wazazi wote wawili wanayo iliyochanika, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Kila mimba, si kwamba wa kwanza akiumwa watatu wanaofuata wamesalimika.

Si hiyo peke yake inayotibika. Mwaka 1991 iliandikwa habari ya watoto ambao sukari haivuki vizuri kutoka kwenye damu kwenda kwenye ubongo, hali inayoitwa upungufu wa GLUT1. Mtoto anaweza kuzidiwa asubuhi kabla hajala. Tiba yake ni chakula chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana, kinachopimwa kwa gramu na wataalamu, lishe iliyoanza kutumika kwa kifafa huko Marekani mwaka 1921. Hiyo mara nyingi hairithiwi, huanza kwa mtoto mwenyewe. Tunaitaja ili mjue kwamba "kifafa" ni mlango mmoja wenye vyumba vingi.

Sasa binamu. Qurani haikuwataja watoto wa ami, shangazi, mjomba na khalati katika walioharamishwa kuoana, na sisi wa pwani tumeoana hivyo miaka na miaka, tangu Pemba mpaka Maskati. Hatutaki mtu aseme tumeharamisha halali. Lakini halali ina hesabu zake pia. Watu wa babu mmoja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kubeba paterni ileile iliyochanika. Huko Bradford, Uingereza, kwenye Waislamu wengi wenye asili ya Pakistani, utafiti uliotoka 2013 ulikuta kwamba kwa walioana binamu, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro kubwa ulipanda kutoka kama asilimia 3 hadi kama asilimia 6. Unaweza kusema umeongezeka maradufu. Unaweza pia kusema watoto 94 katika 100 hawana. Yote mawili ni kweli, na bi harusi anastahili kuambiwa yote mawili.

Tulimweleza daktari wetu kwenye simu hali ya yule binti bila kutaja majina. Hakusema oa wala usioe. Aliuliza maswali. Degedege la wale watoto lilianza lini? Walikuwa na homa? Walizaliwa kwa shida? Dada mtu na mumewe wana undugu? Akasema, kama ni ugonjwa wa paterni mbili, na kama "kama" hiyo haijathibitishwa hatujui kitu, basi bwana harusi ana nafasi nusu ya kubeba paterni iliyochanika. Binti naye, kwa upande wa ami, ana nafasi ndogo zaidi. Akatuchorea kwenye karatasi akaipiga picha: nafasi ya mtoto wao kuumwa, kabla ya kipimo chochote, ni kama moja kati ya 64. Si sifuri. Wala si ule msiba ambao nyumba nzima ilikuwa imeshaulia.

Kisha akasema jambo lililotuzindua. Mwenye shida ya haraka hapa si bi harusi. Ni wifi. Nafasi yake yeye, kama ugonjwa ni huo, ni moja kati ya nne kila anapobeba mimba. Na mtoto wa namna hiyo akichelewa siku na wiki, ubongo unaumia, hata vitamini ikija baadaye haiwezi kurudisha yote. Akaonya pia kwamba dawa ile isitolewe nyumbani kwa kubahatisha: dozi ya kwanza hutolewa hospitali, mtoto akiangaliwa, kwa sababu anaweza kuacha kupumua, na ikizidi kwa muda mrefu inadhuru mishipa.

Tulimwita mama mtu, tukamweleza kama tulivyoelezwa. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kumbe hatujawahi kumuuliza mwenyewe."

Wifi alikuja dukani wiki iliyofuata, kwa kisingizio cha kupimwa dera la harusi. Ni mdogo kuliko tulivyotarajia. Mwanzoni alijibu kwa kichwa tu. Halafu akaanza kusema na hakunyamaza. Wote wawili walianza siku waliyozaliwa, hawakuwa na homa. Wote wawili, akiwa nao tumboni, aliwahisi wakirukaruka kwa mpigo kama wenye kwikwi, muda mrefu, usiku. Alimwambia aliyemzalisha, akaambiwa watoto wote hucheza. Wa kwanza alipewa dawa ya kifafa na haikushika. Wa pili hakufikishwa hospitali kabisa, alipelekwa kwa mtu. Nyumbani walimwambia ni kwa sababu alioga usiku akiwa mjamzito. Miaka minne hajaoga baada ya magharibi.

Mumewe ni mtoto wa khalati yake.

Tulimpa daftari la vipimo na kalamu, aandike hayo yote kwa mkono wake, tarehe, saa, dawa iliyotolewa na ilivyokuwa. Akajaza kurasa tatu. Alipomaliza aliikunjua kadi ya kliniki kutoka kwenye mkoba, ya mimba ya miezi mitano ambayo hakuwa amemwambia mtu, akazipachika zile kurasa ndani yake kwa pini zetu za kushonea. Kwenda Mbeya kwenye hospitali ya rufaa ni kama kilomita 100. Aliuliza basi la kwanza linaondoka saa ngapi.